Grisi ya Gwaride

Ni wiki ya tatu sasa mikono yangu hainuki mafuta ya bunduki. Mume wangu anasema ananiona kama mgeni nyumbani, maana miaka yote tuliyoishi pamoja hata chapati zangu zilikuwa na harufu ya kazini kwa mbali, na maskini alizila bila kulalamika. Siku ya kuniaga, nyinyi vijana mliobaki kwenye ghala la silaha mliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa sababu soda zilikuwa zimefika na pasta alikuwa amesimama tayari kuomba. Mmoja wenu alisema, "Madam, kabla uende, tuambie tu, bastola inataka mafuta gani?" Nikajibu, "Inategemea." Mkacheka, mkadhani ni ujanja wa wazee. Sasa nina nafasi, nitawajibu. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi nimezaliwa Vihiga, mahali ambapo mvua ikikosa kunyesha siku mbili watu huulizana kuna nini. Nilipofundishwa kazi ya silaha, kituo changu cha kwanza kilikuwa huko huko magharibi, karibu na msitu. Adui yetu alikuwa kutu. Ukiacha bastola Ijumaa bila mafuta, Jumatatu unaikuta imeota madoa ya kahawia. Aliyetufundisha alikuwa na msemo wake: bunduki ni mtoto mchanga, ipake mpaka ing'ae. Basi mimi nilipaka. Nilipaka nje, nikapaka ndani, nikapaka mahali ambapo hata aliyeitengeneza hakuwa amefikiria. Nilisifiwa sana. Katikati ya miaka ya tisini nikahamishiwa Kajiado na sifa zangu zote, nikashuka kwenye gari na sanduku la bati, na kabla sijauliza njia upepo ukanijaza vumbi mdomoni.

Ghala la Kajiado lilikuwa chini ya Sajini Mwangangi, Mkamba mfupi, mkimya, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alikuwa ananawa mikono kabla ya kugusa silaha na baada ya kuigusa, kama daktari, na chai haikuruhusiwa kupita mlangoni. Asubuhi yangu ya kwanza alinipa bastola moja niisafishe huku akisoma gazeti. Nilifanya kazi kwa bidii nikitaka anione. Nilipoinua chupa ya mafuta kumimina, alishusha gazeti.

"Wewe msichana wa Maragoli," akasema, "unapika ama unasafisha?"

"Nasafisha, Afande."

"Hapana. Hiyo unakaanga."

Akaenda jikoni kwa mpishi, akarudi na vijiko viwili. Kimoja akakipaka mafuta yangu, kingine akakifuta kikavu kwa kitambaa, akaviweka vyote dirishani, upande unaokuja upepo. Tukaenda kula. Tuliporudi, kijiko kikavu kilikuwa na vumbi ambalo alilipuliza mara moja likatoka lote. Kile kingine alikipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na vumbi halikuondoka. Akakisugua kwa kidole gumba karibu na sikio langu. Kilikwaruza kama msasa.

"Kwenu adui ni kutu," akasema. "Hapa adui ni vumbi, na wewe ndiye unamwekea kiti akae."

Nilikasirika, sitadanganya. Nilikuwa nimetoka kwetu na cheti. Lakini kijiko kilikuwa hapo mbele yangu, na kijiko huwezi kubishana nacho. Kile kijiko, kwa taarifa yenu, mpishi alikidai mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa Mwangangi nilijifunza yale ambayo nyinyi mmekuwa mkiniona nikifanya. Bastola ina sehemu chache tu ambapo chuma kinasugua chuma: njia ambayo ile sehemu ya juu inateleza ikirudi nyuma, mahali mtutu unapokaa, na kiungo cha kifyatulio. Hapo ndipo pa mafuta, tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno. Kisha futa. Ukidhani umefuta yote, yaliyobaki yanatosha. Ndani ya mtutu, pitisha kitambaa kikavu mwisho. Mafuta yasikaribie risasi kamwe, kwa sababu mafuta yana tabia ya kutembea, na risasi iliyolowa ni mapambo. Na kabla ya hayo yote, hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena, kisha mpe mwenzako naye ahakikishe. Hilo Mwangangi alilisema kila siku ya Mungu, hata siku ambazo bastola ilikuwa mbele yetu imefunguliwa vipandevipande.

Kuhusu mafuta yenyewe, alinifundisha kwamba mafuta mazuri ni yale yanayofaa mahali ulipo. Tulipelekwa Magadi kukagua silaha za huko, na nilishangaa. Mafuta yetu mepesi, yaliyotufaa Kajiado, kule yaliyeyuka na joto yakashuka yote ndani ya mfuko wa ngozi, bastola ikabaki uchi. Tena hewa ya Magadi ina magadi yenyewe, inakula chuma kama chumvi. Kule tulishauri mafuta mazito kidogo, na kufuta kila jioni bila kukosa. Namanga ni vumbi na moshi wa malori. Na huku Kitengela, kwenye mbuga, asubuhi ya Julai kuna baridi ya kukausha midomo, na mafuta mazito asubuhi hiyo yanaganda, chuma kinatembea kama mzee anayetoka kitandani. Ndiyo maana niliwaambia inategemea.

Nimeona pia mambo ambayo hayategemei kitu, ni makosa tu. Nimefungua bastola iliyopakwa mafuta ya kupikia, imeshikana kama sufuria ya juzi. Nimefungua ya afisa mmoja aliyetumia mafuta ya nywele ya mke wake. Ilinukia vizuri kuliko sisi wote ghalani, lakini haikufaa. Mafuta ya cherehani, yale ya kichupa kidogo chenye mdomo mrefu, yamenisaidia mara nyingi serikali ilipochelewa. Ni mepesi, ni safi, hayagandi, na kila duka la vitambaa linayo. Yanakauka haraka, kwa hiyo urudie mara kwa mara. Haya ndiyo niliyoyajua kwa moyo wote, na nataka mkumbuke kwamba niliyajua, kwa sababu ya hadithi inayofuata.

Mwangangi alistaafu akaenda kwake Machakos kufuga nyuki. Mimi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikawekwa kuangalia silaha katika kituo kimoja upande wa Kitengela. Sitakitaja, na wakubwa waliokuwa hapo wakati huo walishahama wote. Mume wangu alikuwa amepata shule ya kufundisha karibu, tukapanga nyumba ya vyumba viwili mahali ambapo punda walikuwa wengi kuliko majirani. Siku hizi kumejaa ghorofa, lakini vumbi ni lile lile.

Mkubwa wetu alikuwa Inspekta Wachira. Hakuwa mtu mbaya. Alijua kazi, hakuwa mlevi, na alimjali askari mgonjwa. Udhaifu wake ulikuwa kung'aa. Viatu ving'ae, mawe ya njiani yapakwe chokaa, silaha zing'ae. Akishika bastola isiyo na mng'ao alikuwa anauliza kama imekufa. Nilimweleza habari ya vumbi mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Robai, hiyo ni sayansi. Mimi nataka gwaride."

Pia tulikuwa na Konstebo Lemayian, Mmasai wa hapo Kajiado, mrefu, mpole, ambaye bastola yake ilikuwa na kituko. Baba yake alikuwa anamletea kutoka nyumbani kikopo cha mafuta ya mkia wa kondoo, na Lemayian alikuwa anaipaka bastola yake kwa mafuta hayo nje, na nikimwondolea macho, ndani pia. Alisema sime ya babu yake ilipakwa mafuta hayo na haijawahi kuona kutu. Mimi nikamweleza kwamba sime haina springi. Alikuwa anaitikia, "Sawa, Madam," na wiki inayofuata naisikia harufu ya kondoo. Kituo kizima kilikuwa kinamtania. Walikuwa wanamuuliza kama bastola yake inafyatua risasi ama inalia mee. Alikuwa anacheka pamoja nao. Kila nilipoipata, niliosha mafuta yale kwa mafuta ya taa, nikaifuta, nikapaka tone langu, yakaisha.

Wiki moja tukaambiwa bwana mkubwa kutoka juu anakuja Ijumaa kukagua. Wachira hakulala. Nami nilikuwa nimeandika maombi ya mafuta ya silaha miezi mitatu nyuma na sikuwa nimeletewa hata tone. Mafuta ya cherehani yalikuwepo dukani, mwendo wa dakika kumi. Lakini mafuta ya cherehani hayang'ai. Ukiyapaka saa mbili, saa tano yamekauka, na mgeni alitarajiwa saa sita. Wachira alikuja ghalani akapitisha kidole juu ya bastola moja.

"Hii inakaa jivu, Robai. Bwana mkubwa ataniuliza kama tunachimba nazo viazi."

"Mafuta hakuna, Afande."

"Hakuna ama hujatafuta?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilienda kwa dereva wa kituo nikamwomba grisi, ile nzito anayopaka magurudumu ya gari. Nikazipaka bastola zote kumi na tano. Ya Lemayian niliifungua kwanza, nikaosha kondoo wake wote kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikabaki kitupu, kisha nikapaka grisi kama wenzake. Nilijua ninachofanya. Sikuwa mgeni, sikuwa mwanafunzi, Mwangangi alishanionyesha kijiko. Nilijiambia ni ya saa chache, gwaride likiisha nitafuta yote. Wakaguzi wakaja, bastola ziking'aa kama paji la uso wa bwana harusi. Bwana mkubwa akasema, "Hapa kuna mtu anajua kazi." Wachira akanitazama kwa furaha, nami, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa.

Baada ya gwaride niliambiwa nisaidie upande wa chai na nyama, kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee mwenye cheo pale na inaelekea cheo kile kilikuja na sufuria. Nilitoka huko jioni. Jumamosi nilikuja nikafuta bastola kumi na nne. Ya kumi na tano ilikuwa imetoka na Lemayian, aliyetumwa Namanga kusindikiza mzigo, na kutoka Namanga akapelekwa doria kwenye njia za udongo za mpakani, siku tatu nyuma ya pikapu ya wazi. Alirudi Jumatatu jioni. Mimi nilikuwa mapumziko. Aliyekuwa zamu aliipokea, akaiandika, akaifungia. Jumanne asubuhi Lemayian akaitoa tena, na mimi niliyekuwa dirishani ndiye niliyempa. Niliiona inang'aa. Nilikumbuka grisi. Nilisema moyoni, akirudi nitaifuta.

Saa nne simu ikaja kwamba watu wameingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wanampiga mwenye duka. Lemayian na mwenzake walifika wa kwanza. Mmoja wa wezi alitoka na panga akamwendea Lemayian. Lemayian akachomoa bastola, akavuta ile sehemu ya juu ili risasi iingie. Ilirudi nyuma sawa. Kuja mbele, ikaja nusu, ikasimama. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Akaigonga kwa kiganja, haikusogea. Panga lilishuka, naye akakinga kwa mkono wa kushoto. Mwenzake akafyatua hewani, wezi wakakimbia kuelekea machimbo ya mawe, na wawili wakakamatwa na wananchi kabla ya saa saba. Lemayian alishonwa nyuzi kumi na moja kutoka kiwiko kushuka. Daktari alisema panga lingeingia kidogo zaidi, mkono ungekuwa wa kuning'inia tu.

Hakuna aliyekufa. Hilo naliandika mapema kwa sababu hata leo nikifika sehemu hii lazima nijikumbushe. Hakuna aliyekufa.

Kufikia saa kumi, kituo kizima kilishajua sababu. Hakuna aliyeuliza. "Ni ile mafuta ya kondoo," walisema, na safari hii hawakucheka. Askari anayepaka silaha ya serikali kitu kisichoruhusiwa, silaha ikakwama kazini, anashtakiwa kwa uzembe, na kwa kawaida anaenda nyumbani. Wachira akaniletea bastola ndani ya mfuko wa karatasi.

"Fungua, andika ripoti ya fundi. Ni kuthibitisha tu. Kijana nampenda, lakini alionywa."

Niliifungua peke yangu. Mafuta ya kondoo yakiganda ni meupe na yananuka zizi. Kilichokuwa ndani kilikuwa cheusi kama lami, kimechanganyika na udongo wa mpakani, na kilinuka gurudumu. Nilikiweka juu ya kitambaa cheupe, nikakaa nikikitazama. Kisha nikafanya jambo la aibu kuliko ile grisi yenyewe. Nikachukua kalamu nikaandika: bastola ilikwama kwa sababu ya kupakwa mafuta yasiyofaa. Kila neno lilikuwa la kweli. Kila atakayesoma ataona kondoo, na mimi sitakuwa nimemtaja kondoo. Nikaiweka kwenye droo, nikajiambia nitaipeleka kesho.

Kesho yake sikuipeleka. Nyumbani sikula. Mume wangu aliniuliza kama ni malaria, nikasema labda. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, nilikuwa na miaka ya kazi nyuma yangu na mingine mbele, na nilikuwa najiambia kwamba Lemayian kweli alionywa, mara nyingi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwonya. Mtu akitaka sababu ya kunyamaza haikosi. Mimi nilikuwa nazo nyingi kiasi cha kugawa.

Alhamisi asubuhi Lemayian mwenyewe akaja ghalani, mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Alisimama nje ya dirisha, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Sopa, Lemayian," nikamsalimu kwa Kimasai.

"Ipa, Madam. Nimekuja unisaidie na hii statement. Kingereza yangu si poa sana, na nimeandika na mkono moja."

Akanipa karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwamba yeye, Konstebo fulani, alitumia mafuta ya kondoo kwenye silaha ya serikali bila ruhusa, kwamba alikatazwa na fundi wa silaha mara nyingi, na kwamba mafuta hayo ndiyo yaliyofanya bastola ikatae. Chini alikuwa ameomba msamaha kwa mwenzake aliyekuwa naye, kwa kumhatarisha.

"Nani amekuambia uandike hii?" nikauliza.

"Hakuna mtu. Si ni ukweli? Wewe uliniambia, Madam. Mimi ndio nilikuwa na kichwa ngumu." Akatazama chini. "Hata mzee nimemwambia. Alikuja hospitali jana. Nikamwambia, papa, hiyo mafuta yako ilikuwa iniue. Alichukua kofia yake akaenda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayebisha. Mtu akibisha, unaweza kubishana naye, ukamkumbusha maonyo. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayeniamini mimi kuliko anavyojiamini, ambaye kwa sababu ya maneno yangu amemwumiza mzee wake. Nililia, na silii ovyo. Nilifungua mlango wa ghala, jambo ambalo haliruhusiwi, nikamwambia aingie, akae. Nikatoa kile kitambaa.

"Nusa hii."

Akanusa. Akakunja uso. "Hii si kondoo."

"Si kondoo. Kondoo wako nilimwosha Ijumaa, wote. Hii ni grisi ya gari. Niliipaka mimi, kwa sababu ya gwaride. Na Jumanne nilipokupa bastola nilikumbuka, na nikakupa hivyo hivyo."

Nilingoja anitukane, na ningeipokea. Aliangalia mkono wake, akaangalia kitambaa.

"Kwa hivyo si mzee," akasema.

"Si mzee. Si wewe. Ni mimi."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Halafu akasema, "Madam, hata wewe pole," na hilo nusura linimalize kabisa.

Niliipasua ripoti ya droo, nikapasua na statement yake. Nikaandika upya: nani alipaka, alipaka nini, lini, kwa nini, na kwamba aliyepaka alijua madhara. Nikaipeleka kwa Wachira pamoja na kitambaa. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akasoma tena.

"Robai, umefikiria hii maneno?"

"Nimefikiria siku mbili, Afande. Hiyo ndiyo shida yangu, ningeileta siku ya kwanza bila kufikiria."

"Na hapa umeandika 'kwa ajili ya gwaride.' Hii ni ya nini?"

"Ni sababu, Afande. Ripoti bila sababu itarudishwa."

"Ikiondolewa?"

"Itaondolewa ukiniandikia niiondoe."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliinusa ile grisi kwenye kitambaa, akakunja uso kama alivyokunja Lemayian, akatia sahihi. "Hata mimi niliona zinang'aa sana," akasema, na hayo ndiyo maungamo yote niliyowahi kuyasikia kutoka kwake. Mimi nilipewa barua ya onyo kali, ambayo ilikaa kwenye faili langu mpaka mwezi uliopita, na sikuwahi kuomba itolewe. Lemayian hakushtakiwa. Wiki ile ile Wachira alinipa ruhusa ya kununua mafuta ya cherehani, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari ya kung'aa. Viatu, ndiyo. Mawe ya chokaa, ndiyo. Bastola, hapana.

Mnadhani nilifurahi siku hiyo? Nilikwenda nyumbani nikalala kama jiwe, lakini furaha haikuja. Kulikuwa na jambo moja ambalo ripoti haikuweza kulirekebisha, nalo lilikuwa yule mzee aliyechukua kofia yake akaondoka. Lemayian alikuwa ametuma salamu nyumbani kupitia mtu wa mnada wa mifugo, na hakukuwa na jibu. Siku zikapita, nyuzi zikatolewa, bado kimya. Nilikuwa nikimwona Lemayian anatazama lango.

Mzee alikuja siku ya mnada, asubuhi yenye baridi, na shuka mbili mabegani. Lemayian alinitoa nje nimwone. Nilimkaribia nikiwa nimejipanga kwa Kiswahili changu chote cha heshima. Akanitangulia.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimasai.

"Iko," nikajibu. Hayo ndiyo niliyoyajua, basi nikaendelea kwa Kiswahili. Nilimwambia mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyepaka kitu kibaya, mafuta yake hayakuwa na kosa, na mtoto wake alimlaumu kwa sababu yangu, naomba anisamehe. Lemayian akatafsiri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu, Lemayian akajibu, na mzee akauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu. Nikaona Lemayian anajikuna shingo kwa mkono ule mzima.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza..." Lemayian akasita. "Anauliza ni nani aliniambia nipake bastola."

"Si yeye alikupatia mafuta?"

"Anasema alinipatia ya kupaka miguu. Kwa sababu ya baridi. Anasema nilikuwa na nyufa kwa kisigino tangu nikiwa mtoto." Mzee akaongeza maneno machache, akinyoosha fimbo kuelekea mlango wa ghala langu, na Lemayian akatafsiri huku ametazama chini. "Anasema, bunduki ni ya serikali. Ipake mafuta ya serikali. Miguu ndiyo ulipewa na mama yako."

Mzee alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha akamshika mtoto wake shingoni kwa mkono mmoja, akamvuta karibu, akaweka mkono mwingine juu ya kile kichwa, akauacha hapo. Lemayian alikuwa mtu wa futi sita na zaidi, mwenye sare, mbele ya kituo kizima, na aliinama ili mkono ufike vizuri.

Mimi niliketi kwenye mawe ya chokaa ya Inspekta, sare nyeusi ikachafuka nyeupe, nikacheka mpaka machozi yakatoka. Nilikuwa sijacheka tangu siku ile ya gwaride.